Kuishi Wuhan habari zikifutwa: kwa mnaojiandaa kwenda kusoma China

Kila ifikapo Julai, barua za ufadhili zikianza kutoka, simu yangu haitulii. Vijana wa Mbagala, wa Ubungo, wa Kigamboni wanapewa namba yangu na ndugu zao, wananipigia: "Kaka shikamoo, nasikia ulisoma China. Nibebe nini?" Wanauliza makoti. Wanauliza kama sembe inapatikana. Wanauliza kama bumu linatosha, nami nawajibu kwamba enzi zangu mwanafunzi wa uzamili aliyefadhiliwa na serikali ya China alipata yuan 3,000 kwa mwezi na chumba cha bweni bure, na kwamba zinatosha kama unapika mwenyewe na huna tamaa ya simu mpya.

Hakuna anayeuliza kuhusu habari. Utajuaje kinachotokea katika mji unaoishi? Nyumbani utawaambia nini? Na ukisema, nani ataumia? Haya ndiyo ningependa waniulize, maana koti hata kule linauzwa.

Nilifika Wuhan Septemba 2018, nikaondoka katikati ya 2021. Kwa hiyo nilikuwemo ndani mji ulipofungwa kwa ajili ya Korona Januari 2020. Siandiki kuisema China vibaya. Nilisoma vizuri, walimu walinijali, na nilikuwa natoka maabara saa nane za usiku natembea kwa miguu bila kugeuka nyuma, jambo ambalo Manzese silifanyi. Ila usalama wa barabarani ni kitu kimoja na kujua kinachoendelea ni kitu kingine, na kile cha pili hukipewi pamoja na ufunguo wa bweni.

Tuanze na simu. Facebook na Twitter zimezuiwa China tangu 2009, WhatsApp ikazuiwa 2017, na Aprili 2019, nikiwa kulekule, Wikipedia ya lugha zote ikafungwa. Hata ya Kiswahili, yenye makala zake za kata na wachezaji wa mpira, haikusalimika. Google na YouTube usiziwaze. VPN, programu ya kupenya vizuizi vya mtandao, ambayo wenyeji wanaitumia kwa kile wanachokiita kuruka ukuta, ipakue ungali Dar. Duka la programu la Google halifunguki kule, na Apple iliondoa programu za VPN kwenye duka lake la China mwaka 2017. Ukifika mikono mitupu utabaki kuwaomba wenzako wakurushie faili. Weka mbili au tatu za kampuni tofauti, na lipia mwezi mmoja mmoja. Usidanganywe na punguzo la mwaka. Kuna majira VPN zinakata roho: wakati wa vikao vya bunge Machi, ikikaribia tarehe 4 Juni, kumbukumbu ya mauaji ya Tiananmen ya 1989, na kuelekea 1 Oktoba, sikukuu ya taifa. Jirani yangu wa bweni alilipia mwaka mzima mwezi Agosti. Kufika sikukuu, kampuni aliyoilipa haijibu hata barua pepe.

Laini yako ya Tanzania usiitupe. Iombee huduma ya kutumika nje ya nchi kabla hujapanda ndege. Data ya laini ya kigeni inapitia mtandao wa nyumbani, kwa hiyo WhatsApp inafunguka bila VPN. Bei yake inachoma, si ya kuangalia video, lakini siku VPN zote zimelala na mama anataka kujua kama mzima upo, hutaijutia.

Kisheria, VPN isiyo na kibali ni kosa. Wageni wanaoitumia kwa mambo yao binafsi sikuona wakisumbuliwa. Wenyeji hali yao ni tofauti: mwaka 2017 mtu mmoja wa Guangxi aliyekuwa akiuza VPN alifungwa miaka mitano na nusu. Rafiki wa Kichina atakuja kukuomba umgawie ya kwako. Kabla hujampa kwa ukarimu wetu ule wa Kibongo, jiulize ni nani kati yenu atakayeitwa.

Mwaka wangu wa kwanza ukimya huo haukunigusa kabisa. Kantini ya chuo ilikuwa na televisheni ukutani, na saa moja jioni taarifa ya habari ya taifa ilianza na viongozi wakipeana mikono, ikamalizia na nchi za watu zinavyogombana. Hakuna aliyeinua uso kutoka kwenye bakuli. Niliwahi kupelekwa kwenye mkutano wa mji mwingine, hotelini chaneli ya kigeni ikageuka nyeusi katikati ya sentensi, halafu ikarudi mtangazaji kashafika kwenye hali ya hewa. Nilicheka, nikazima, nikalala.

Maabara nilikuwa na dada mmoja mwenyeji wa Hubei, jimbo lenye mji wa Wuhan, ananitangulia mwaka mmoja. Jina lake silitaji na chuo sikitaji, na mkiendelea kusoma mtaelewa kwa nini. Ndiye aliyenifundisha kula tambi za asubuhi za Wuhan, zile kavu za rojo la ufuta, ukisimama kando ya barabara na bakuli la karatasi.

Tarehe 1 Januari 2020 ilitangazwa kwamba polisi wa Wuhan wamewachukulia hatua watu wanane kwa kueneza uvumi kuhusu nimonia. Siku hiyohiyo soko la Huanan, upande wa Hankou, likafungwa. Watu wanane katika mji wa watu milioni kumi na moja. Sisi tulikuwa na mitihani. Siku chache baadaye yule dada akaja kavaa barakoa, akaniwekea boksi zima mezani kwangu. Shangazi yake alikuwa muuguzi. Nikamuuliza kulikoni. "Vaa tu. Usiniulize." Nikavaa.

Tarehe 18 Januari mtaa wa Baibuting ukafanya karamu yake ya mwaka, familia zaidi ya elfu arobaini zikishiriki vyakula. Siku mbili baadaye daktari Zhong Nanshan akasema kwenye televisheni ya taifa kwamba ugonjwa unapita kutoka mtu kwenda kwa mtu. Usiku wa kuamkia tarehe 23, mnamo saa nane, likatoka tangazo: kuanzia saa nne asubuhi mabasi, treni za chini, vivuko, ndege, vyote vinasimama. Wengi wetu tulilisoma tukiwa bado kitandani, muda wa kwenda popote umeshakwisha.

Mimi tangazo lilinikuta na barakoa za kutosha na mchele chini ya kitanda, na si kwa sababu nilisoma gazeti. Mahali ambapo habari inachujwa, mwangalie mtu mwenye ndugu hospitalini, mwenye ndugu stesheni, mwenye duka la jumla. Anachosema kinaweza kuwa kilekile cha kwenye televisheni. Anachonunua ndicho cha kufuata.

Maisha ya kufungiwa nitayapita haraka, wengi mmeshayasikia. Chuo kilituletea chakula mlangoni, tulipimwa joto asubuhi na jioni, unga wa ugali ukaisha Februari, tukajifunza kusonga semolina. Kilichonitesa si njaa wala hofu ya ugonjwa, kilikuwa ni kutojua.

Usiku wa tarehe 6 Februari ndipo nilipouona ufutaji kwa macho. Daktari wa macho Li Wenliang, aliyeonywa na polisi mwanzoni mwa Januari kwa kuwatahadharisha madaktari wenzake, alikuwa anaumwa ugonjwa uleule. Mapema usiku zikaanza kuzagaa taarifa kwamba amefariki. Kisha zikarudishwa nyuma: bado anahudumiwa. Simu ilikuwa mkononi mwangu, na kila nikiburuza skrini chini ili ijisome upya, maandishi niliyoyaona sasa hivi hayapo, pamebaki alama ya mshangao na sentensi moja kwamba maudhui haya hayawezi kuonekana. Watu wakawa wanaandika wakidai uhuru wa kusema, kwa maelfu, nayo ikafutwa kabla hakujapambazuka. Mnamo saa tisa usiku hospitali yake ikathibitisha kifo. Jioni yake baadhi ya watu wa Wuhan walizima taa majumbani na kupiga filimbi madirishani. Bwenini kwetu tulizisikia kwa mbali, mlinzi akapita koridoni akituambia tufunge madirisha, kuna baridi.

Kuanzia usiku ule nikawa na desturi moja ambayo nawashauri: jambo likikugusa maisha, lisome mara moja ukiliona, usijisemee nitalisoma baadaye. Baadaye halipo. Lakini usilihifadhi kwenye programu ileile ulikolisomea, na usilitume kwa mtu. Andika kwenye daftari kwa Kiswahili, tarehe na kiini chake, basi. Daftari langu ninalo mpaka leo, na ndilo linalonisaidia kuandika haya.

Takwimu nazo zina namna yake ya kusomwa. Tarehe 13 Februari jimbo la Hubei lilitangaza wagonjwa wapya 14,840 kwa siku moja. Mama, nyumbani Tandika, alisikia redioni, akanipigia analia kwamba tumekwisha. Kilichotokea ni kwamba walianza kuwahesabu pia waliothibitishwa na madaktari bila kipimo cha maabara. Siku hiyohiyo katibu wa chama wa jimbo akaondolewa. Aprili tena, Wuhan ikaongeza vifo 1,290 kwa mkupuo mmoja, jumla ikawa 3,869. Kwa hiyo namba ikiruka ghafla usikimbilie kulia wala kushangilia. Tafuta kwanza ni nini kimebadilishwa kwenye hesabu, na nani kaondoka kitini.

Hapo nimeshamtaja mama, na kwa kweli nusu ya shida yangu ilikuwa Dar, si Wuhan. Tunadhani nchi ikificha habari wanaokosa habari ni waliomo ndani tu. Wa nje wanakosa vilevile, ila wao pengo lao linajazwa na uvumi. Makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kanisa, ya kikoba, yote yalijaa video za watu wanaodondoka barabarani. Kulikuwa na sauti ya binti anayejitambulisha kuwa mwanafunzi wa Kitanzania Wuhan, akilia kwamba tunakufa njaa. Tuliulizana kwenye kundi letu la Watanzania: hakuna aliyeitambua sauti ile. Mama aliiamini kuliko alivyoniamini mimi. Nikimwambia niko salama, ananijibu, "Mwanangu, wamekuambia useme hivyo." Ungemjibu nini? Nchi inayoficha jambo moja hupoteza haki ya kuaminiwa hata inaposema kweli, na mimi niliyekuwa ndani nikapoteza pamoja nayo.

Kilichosaidia ni mambo madogo. Tulimchagua mdogo wangu wa kike awe ndiye mpokeaji wa habari zangu, yeye peke yake, na wengine wote waulize kwake. Wuhan iko mbele ya Dar kwa saa tano, kwa hiyo tukapanga saa yetu: saa mbili usiku wangu, saa tisa alasiri yake. Niliacha kutuma maneno ya kutuliza, nikawa natuma picha ya sufuria. Mama akiona maharage na nyanya anapumua. Maneno unaweza kulazimishwa kuyasema, lakini hakuna polisi anayemlazimisha mtu aunguze ukoko.

Na waandishi wa habari watakutafuta. Wengine ni wa hukuhuku Dar, watu wa heshima, wanataka tu sauti kutoka ndani. Ukiamua kuzungumza, sema ulichokiona wewe kwa macho yako, usiseme alichokuambia mwenyeji. Sheria ya kule inampa mtu anayeeneza habari za uongo za magonjwa au majanga kifungo cha hadi miaka 3, na 3 hadi 7 ikileta madhara makubwa, na anayeamua ipi ni ya uongo si wewe. Zhang Zhan, mwanasheria wa zamani aliyetoka Shanghai kuja kurekodi video Wuhan, alikamatwa Mei 2020, na Desemba akahukumiwa miaka minne. Mgeni mara nyingi mwisho wa safari yake ni viza kufutwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Tarehe 10 Machi jarida la Renwu lilichapisha mazungumzo na daktari Ai Fen, mkuu wa idara ya dharura ya hospitali aliyofanyia kazi Li Wenliang, akieleza jinsi alivyokaripiwa kwa kuwagawia wenzake majibu ya maabara Desemba. Makala ikaondolewa saa chache tu baada ya kutoka. Kilichofuata sijawahi kukiona popote. Watu waliirudisha kwa kila hila ambayo mashine ya kufuta isingeitambua. Wengine waliiandika kinyumenyume, sentensi ya mwisho ikiwa ya kwanza. Wengine kwa herufi za Kilatini, wengine kwa maandishi ya kale ya mihuri ambayo hata Wachina wenyewe wengi hawayasomi, wengine kwa nukta na vistari vya simu za upepo. Yule dada wa maabara alinitumia moja iliyoandikwa kwa vikatuni vya hisia: daktari wa kike, mdomo uliofungwa zipu, saa, hospitali, alama ya nyoka, mistari na mistari ya vikatuni. Nilikaa nayo kitandani nikifumbua kimoja kimoja kama mtoto wa darasa la kwanza, na nilipokwama akanitumia nyingine iliyogeuzwa kichwa chini. Alikuwa anafurahi, nadhani kwa mara ya kwanza tangu Januari. Alizituma pia kwenye kikundi chetu kidogo cha maabara, wageni na wenyeji.

Mwenzetu mmoja, mgeni, akapiga skrinshoti, akaiposti Twitter. Nia yake ilikuwa njema, dunia ione. Jina la yule dada na picha yake ndogo ya paka vilikuwa pale juu, na hakuvifunika.

Yule dada aliitwa ofisi ya usalama. Sikujua siku ileile, niliona tu kwamba nimeondolewa kwenye marafiki zake, kikundi cha maabara kimevunjwa, na mwenye kikundi, mwanafunzi wa udaktari asiyetuma chochote, naye kaitwa. (Tangu 2017 kanuni zinamfanya mwanzilishi wa kundi awajibike kwa kinachosemwa ndani yake. Ukiombwa uwe admini wa kundi lenye wenyeji, kataa kwa adabu.) Tulipofunguliwa na kurudi maabara, yule dada alinisalimia vizuri, akanipitishia vifaa vizuri, hakunikalia tena mezani. Nilipomfuata nje kutaka kuzungumza alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe utarudi kwenu." Akaingia ndani.

Mwenzetu aliyeposti hakuguswa na mtu. Alihitimu, akapigwa picha na joho.

Kwa hiyo mkiniuliza kanuni za kuishi kule, nyingi zinatokana na kisa hiki. Usimuulize mwenyeji swali la siasa kwa maandishi, hata kwa utani. Kama ni lazima, muulize mkitembea, simu zikiwa mbali, na akibadilisha mada badilisha naye. Asipokujibu usirudie. Akikutumia kitu, soma, usijibu kwa maneno yanayoonyesha kilichomo. Usikipeleke mbele. Usichukue skrinshoti, na kama umechukua, kata jina, kata picha, kata saa, kisha jiulize tena kama kweli kuna haja. Na usitegemee WeChat, programu ya ujumbe ya kule, kwa jambo la dharura lenye maneno mazito: ujumbe au picha inaweza kuishia njiani, kwako ikaonekana imetumwa na mwenzako asiione, bila yeyote kuambiwa. Jambo la uhai piga simu.

Kuna wenzangu waliosoma kule wanaoniona mwoga nikisema haya. Wanasema habari ni haki ya dunia, na dunia ilikuwa inahitaji kujua. Ni kweli ilihitaji. Ila ujasiri wa kulipia kwa jina la mtu mwingine mimi siuiti ujasiri. Daktari Ai Fen alichagua mwenyewe kuzungumza, kwa jina lake. Yule dada wa paka hakuulizwa.

Halafu mambo yakageuka. Mji ulifunguliwa tarehe 8 Aprili, na majira hayohayo Tanzania ikaacha kutoa takwimu za Korona. Idadi ikabaki palepale kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Sasa mimi ndiye niliyekuwa Wuhan nikipokea takwimu kila asubuhi, na mama ndiye aliyekuwa Tandika bila kitu. Nikajikuta namhoji kwa njia niliyojifunzia kule. Sikumuuliza Korona ipo au haipo. Nilimuuliza tangawizi sokoni bei gani, malimao je, wanaojifukiza nyungu mtaani ni wengi, wiki hii amekwenda misiba mingapi, imamu kasema nini, mchungaji kasema nini. Kwa majibu hayo nilijua nimsisitize akae ndani lini.

Oktoba mwaka huohuo, kuelekea uchaguzi wa tarehe 28, Twitter na WhatsApp zikawa hazifunguki sawasawa Dar, na mdogo wangu akanipigia nimfundishe VPN. Niliona kichekesho: mtu yuko China anamwelekeza mtu wa Tandika jinsi ya kuruka ukuta.

Machi 2021 haikuwa kichekesho. Rais Magufuli hakuwa ameonekana hadharani tangu tarehe 27 Februari. Mitandao ya nje ilikuwa inasema mengi. Tarehe 12 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akasema Rais ni mzima na anachapa kazi, na polisi wakawakamata watu kwa kusambaza kwamba anaumwa. Mimi na VPN yangu nilikuwa nasoma kila kitu. Mama akanipigia, tukasalimiana, akauliza masomo, kisha sauti ikashuka na akahamia Kipare, ambacho mimi nakielewa nusu: huko mliko mnasikia nini?

Ulimi ulinijia na yote niliyoyasoma. Nikakumbuka paka. Nikamwambia, mama, nasikia mnayoyasikia nyinyi, tusubiri. Nilijua anayeishi Tandika ni yeye, na simu ni yake, na jioni atakwenda dukani na kuyasema kwa jirani kwamba mwanangu wa China kasema. Tarehe 17 usiku Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kifo, kwa maradhi ya moyo, katika Hospitali ya Mzena. Mama alinilaumu baadaye. Akasema nilijua nikamficha. Sikuwa na hakika ya lolote, ila lawama yake niliipokea kama ilivyo, na hata leo nikiwa nyumbani tunatofautiana juu ya hilo. Yeye anaona mtoto hamfichi mzazi. Mimi naona bora mzazi anune.

Mnaokwenda sasa mnaondoka mkiwa na ujuzi ambao sisi hatukuwa nao, maana Dar yenyewe imewafundisha. Tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inataka watumiaji wa VPN wajisajili. X, ile Twitter ya zamani, ilizuiwa Mei 2025. Na tarehe 29 Oktoba 2025 mliona intaneti ikizimwa kwa siku kadhaa na amri ya kutotoka nje usiku, na mkagundua kwamba VPN haina kazi pale ambapo intaneti yenyewe haipo. Kwa hiyo msidhani kupanga na nyumbani ni kwa ajili ya upande wa China tu. Panga na ndugu yako mmoja: ikikatika huku, nitakupigia simu ya kawaida saa fulani, nisipokupata, fulani wa mkoani ndiye wa kuulizwa, hela ya wiki moja ikae taslimu ndani.

Mengine ni ya haraka. Ukifika, jisajili polisi ndani ya saa 24, usipolala bweni la chuo. Laini ya kule inafungwa na pasipoti na sura yako inapigwa picha, kwa hiyo usimwazime mtu. Kompyuta yenye nyaraka zako za nyumbani usiitumie kwa kila kitu. Jifunze Kichina cha kutosha kusoma matangazo ya mlangoni, ambayo huwa ya kweli kuliko mengi, kwa sababu yanahusu maji na umeme.

Siku ya kuondoka, laini irudishe kwa kampuni na ufunge akaunti ya benki, usiviache hai kwa pasipoti yako. WeChat wengi mtabaki nayo, hasa mtakaoingia biashara ya Kariakoo na Guangzhou. Mjue kwamba akaunti iliyofunguliwa kwa namba ya China inaendelea kuchujwa kwa kanuni za China hata ikiwa mfukoni mwako Mtaa wa Msimbazi, na mwenye duka unayezungumza naye upande wa pili anaishi palepale. Itumie kwa bei, rangi, uzito na tarehe ya kontena.